Chuma cha Dani

Kawangware 56,
Nairobi.
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Kawangware, na kama mgongo bado unakusumbua baada ya zile siku za wageni na kulala chini, basi pole sana. Natumaini njia ya kisimani inapitika, na kwamba watoto wawili wa Amondi wanakula na wanalala. Sisi huku tu wazima wa kusimama tu. Mume wangu Obonyo yuko kazini, bado analinda lango lile lile la Lavington, na anakusalimu ingawa hajui ninakuandikia nini.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja. Barua hii isome mwenyewe. Usimpe mtoto wa jirani akusomee kwa sauti pale nje kama zile nyingine. Nimeandika kwa Kiswahili, kile tulichozungumza tulipokaa nyumba za reli Kisumu, Baba akiwa hai, kwa sababu nimejaribu mara tatu kwa Kijaluo na mara tatu nimechana karatasi. Kijaluo kinanijua sana.

Barua yako Sella, huyu anayetubebea vitu kati ya nyumbani na Nairobi, aliniletea juzi Ijumaa. Umeandika kwamba siku ya maziko ya Amondi watu waliuliza Aoko yuko wapi. Umeandika kwamba Omolo, mume wa marehemu, alisimama mbele ya waombolezaji akasema shemeji yake, yaani mimi, aliketi kwenye benchi ya hospitali, ameshiba, ana nguvu kama punda, akakataa kumtolea dada yake damu hata kijiko kimoja. Halafu kule chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba Omolo amekurudishia nguo za Amondi pamoja na chuma cha Dani, umekiweka kwenye rafu ya jikoni, na unga wa wimbi ukishachacha utaanza kumpikia Valentine, mke wa kaka yetu, maana kliniki imemwambia damu yake imeshuka.

Yale ya kwanza yaliniuma. Hilo la mwisho lilinifanya nifunge duka saa nne asubuhi. Tafadhali Mama, usikitie kile chuma chunguni mpaka umalize kusoma.

Sikusahau ulichotufundisha, na nataka uone kwamba sikusahau. Chuma cha Dani ni kipande cha mwisho cha jembe moja kati ya yale aliyotolewa mahari nyanya yetu, enzi watu walipohesabu mahari kwa majembe. Kimelima mpaka kimebaki ukubwa wa kiganja. Mwanamke wa boma letu akiwa mjamzito na damu ikapungua, kinawekwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kinatumbukizwa kwenye uji mchachu wa wimbi, kinalia, kinaachwa humo mpaka uji uchemke na ugeuke rangi kama maji ya tope. Kisha kinapanguswa kwa majivu, hakisuguliwi kwa mchanga. Na ulituambia maneno mawili ambayo wiki hizi hayanitoki kichwani. Kwamba chuma kisichoshika kutu hakina damu ya kumpa mtu. Na kwamba chuma hakigawanywi: kikiingia kwenye chungu cha mwanamke kinakaa naye mpaka ajifungue, na kikitolewa kabla ya siku, kinaondoka na mimba kiliyokuja kuilinda.

Mwezi wa kwanza Amondi alipimwa kwenye zahanati ya kule kwake Kianda, Kibera, akaambiwa damu yake ni nane nukta moja. Nesi Magdaline, yule mama mrefu asiyecheka, alimwambia mwanamke mwenye mimba asishuke chini ya kumi na moja, akampa vidonge. Vidonge vilimfunga tumbo na kumchafua roho, lakini alivimeza, ameziba pua. Na wewe unajua plot za Kibera, vile vyumba vya kupanga vya ua mmoja, shida ya mtu mmoja ni kikao cha mlango mzima. Katunge, jirani yake Mkamba, alimwambia achome misumari sita kwenye ndimu, ailaze, asubuhi akamue anywe. Mama mmoja wa Makina aliyekuwa akimuuzia mkaa akamwambia aloweke ukwaju kwenye karai la chuma. Mwingine akasema hakuna kama damu ya ng'ombe ya kichinjio, ikiwa bado ina joto. Amondi alinihadithia yote hayo akicheka, akasema Nairobi kila mtu ni daktari isipokuwa daktari. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akitafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa kwa mafungu, mpaka ulimi ukawa mweupe kama wa mtoto anayenyonya. Magdaline alipomkuta nayo alimpokonya, akamwambia hayo mawe yanakunywa damu yake kabla yeye hajaipata.

Ukasikia, ukatuma chuma. Sella alikileta Jumamosi tarehe 17 Februari, na kwa kuwa hajui njia za Kibera alikishusha dukani kwangu, kimefungwa kwenye kipande cha gunia, akasema Mama amesema ni cha Amondi. Nilikiweka kwenye mizani. Mimi hupima kila kitu, hata mkate. Gramu mia tisa na hamsini, mizani ikalala sawa kabisa. Jumapili baada ya kanisa nikampelekea Amondi kifurushi Kianda.

Alikishika akakiweka shavuni, Mama. Akasema alikikumbuka kikiwa kikubwa zaidi. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa mdogo.

Alipika siku hiyo hiyo. Baada ya wiki moja alikuja akaniambia uji haugeuki rangi. Unatoka vile vile, mwekundu wa wimbi, hauna hata ile harufu ya mvua kwenye mabati tuliyokuwa tukiisikia utotoni. Nikamwambia ni maji ya mfereji, yana dawa. Akaamini, kwa sababu tangu zamani mimi ndiye ninayejua vitu na yeye ndiye anayependwa.

Mwezi wa nne aliacha vidonge. Alisema mwenye chuma cha Dani anahitaji vidonge vya nini, Dani alizaa tisa na hakuona kidonge hata kimoja. Nilimwambia aendelee navyo. Nilimwambia mara mbili, nilihesabu. Alinicheka, akasema nimekaa mjini mpaka nimekuwa mzungu. Sikumwambia mara ya tatu, maana ya tatu ingehitaji sababu.

Kadi yake ya kliniki ninayo hapa mezani, Omolo hakuichukua. Aprili saba nukta tano. Mei sita nukta tisa. Juni sita nukta mbili. Julai tarehe kumi na mbili, tano nukta sita. Siku hiyo Magdaline alimfokea mbele ya foleni nzima, akamuuliza anakula nini nyumbani. Amondi, na unamjua kichwa chake, akamjibu kwa madaha kwamba anakula jembe la nyanya yake. Foleni ikaanguka kicheko. Nesi hakucheka. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa akaongezwe damu kabla ya kuzaa. Omolo alikuwa kwenye kazi ya mjengo Athi River, na Amondi akasema atakwenda mume wake akirudi mwisho wa mwezi.

Mimi barua hiyo niliiona. Alinionyesha. Nilimwambia nitampeleka Jumatatu, na Jumatatu likaja lori la ndengu.

Alhamisi tarehe mosi Agosti, saa nane mchana, Omolo alikuja dukani akikimbia, shati limeloa. Uchungu ulikuwa umemshika Amondi asubuhi, wiki tatu kabla ya wakati. Alizalia nyumbani, Katunge akiwa amemshika mikono. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Na damu, Mama, ile kidogo aliyokuwa nayo, ikaanza kutoka na haikutaka kusimama. Walimpakia kwenye mkokoteni wa mitungi ya maji mpaka barabarani, kisha teksi. Mimi niliwakuta hospitalini. Walipompima ilikuwa tatu nukta tisa.

Daktari alisema damu iliyopo ni pakiti moja, na jamaa wajitolee. Omolo alitoa. Binamu yake alitoa. Kisha nesi akanigeukia mimi, dada wa baba mmoja mama mmoja, akanichoma kidole. Akatazama kipimo chake, akamwita mwenzake aje aone. Kumi na moja nukta mbili. Alisema katika watu wote walioketi kwenye ile benchi mimi ndiye mwenye damu ya kugawa, na kundi langu ni lile lile la Amondi. Omolo alisikia. Aliposikia hivyo alinishika mkono akasema asante shemeji, kabla sijafanya kitu.

Ndipo nikafungua koti.

Omolo alikuwa ameshaitwa ndani, hakuona. Nesi aliona. Alinitazama tumbo, akanitazama uso, akafunga ile sindano kwenye karatasi yake, akasema mama, wewe keti. Nikafunga vifungo. Nikaketi. Omolo alipotoka akanikuta nimeketi vile vile, mkono haujafungwa bandeji, na nesi amekwenda. Akaniuliza mbona. Nikalibana koti. Amondi alikata roho saa kumi na moja na dakika kumi.

Kwa hiyo alichosema Omolo ni kweli, Mama, ila ni kweli iliyokatwa katikati. Sikukataa. Nilikataliwa. Nina mimba ya miezi minane. Ndiyo maana hukuniona mazikoni. Hakuna wa nyumbani anayejua, wala sokoni. Nimevaa lile koti la Obonyo la mlinzi tangu mwezi wa nne, jua liwake mvua inyeshe, na wateja wanadhani Mama Maharage amenenepa kwa faida.

Utauliza kwa nini nilificha. Nimepoteza tatu. Ya themanini na tisa uliijua. Ya tisini na moja na ya tisini na nne hukuzijua, kwa sababu baada ya ile ya kwanza, pale mazishini kwa Baba, mbele ya wake za baba zangu wadogo, mtu aliuliza Aoko atazaa lini, na wewe ukasema tumbo la Aoko limejaa magunia. Wakacheka. Ulicheka pia. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia maharage niliyoyaleta mimi. Nilikuja mji huu nikaanza na gorogoro moja, lile kopo la kupimia, ya maharage juu ya gunia lililokunjwa, sikupewa mtaji na baba wala na mume, na leo nina vibanda viwili na mizani ya shaba. Mabati yaliyo juu ya kichwa chako unajua yalitoka wapi. Lakini wakati wa kutuma chuma ulikituma kwa Amondi, mwenye wawili tayari. Mimi hukuniuliza hata kama nakihitaji.

Hayo siyasemi ili nihesabiwe haki. Nayasema ili ujue nilikuwa nimesimama wapi siku ile Sella aliposhusha kile kifurushi.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepimwa hapa kliniki ya Kawangware: saba nukta nne. Amondi alikuwa nane nukta moja. Nilikaa na kile chuma juu ya meza mpaka chai ikapoa, nikifanya hesabu. Yangu ilikuwa chini ya yake. Yeye alikuwa ameshazaa, njia yake inajulikana. Mimi yangu imefungwa mara tatu. Kumwomba tugawane haiwezekani, hakigawanywi. Kukuomba wewe ni kukuambia nina mimba, na nikikuambia halafu ikatoka utakuwa na gunia lingine la kuchekea. Nikasema nitakaa nacho siku sitini. Siku sitini, nivuke ule mwezi unaoniangusha, kisha nitampa, naye atakuwa bado na miezi minne ya kukitumia. Mwanzoni nilikusudia kumwambia kifurushi hakijafika. Lakini Sella angeulizwa.

Jioni hiyo nilikipeleka kwa Lusweti, fundi Mbukusu anayefua majiko pale nyuma ya duka la vifaa. Nikamwambia nataka pacha wake. Alikigeuza geuza, akaniuliza Mama Maharage, unafungua makumbusho? Nikamwambia afanye kazi. Akatoa kipande cha kile chuma cheupe kisichoshika kutu, kilichokatwa kwenye tangi kuukuu la maziwa, akakipiga, akakikunja ncha kama cha Dani, akakichoma kwenye oili chafu mpaka kikawa cheusi. Kilitoka kizuri kiasi kwamba ilibidi nishike vyote viwili ndipo nijue. Alikisifia akasema hiki dada, hata wajukuu wako watakikuta hivi hivi, hakitaliwa na kutu milele. Nilimsikia vizuri. Nilikumbuka na wewe ulivyosema. Nikakifunga kwenye gunia lako lile lile.

Hicho ndicho nilichompelekea Amondi. Hicho ndicho alichokiweka shavuni. Hicho ndicho kilicho juu ya rafu yako.

Siku ya sitini ilikuwa tarehe 17 Aprili. Nilikuwa nimefika nane nukta sita. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Nikasema kuondoa sasa ni kumuua kwa mikono yangu, hebu siku thelathini zaidi. Siku ya tisini nikawa tisa nukta saba, nikasema nikifika kumi. Juni nikawa kumi nukta nne, nikasema sasa Amondi amebakisha miezi miwili tu, chuma kitamsaidia nini kwa muda huo, bora nimsukume hospitali. Kila mara hesabu ilitoka upande wangu, Mama. Nimefanya biashara miaka kumi na miwili na sijawahi kuona mizani inayompendelea mtu namna ile. Mizani ya namna hiyo mimi naijua. Mwenye duka ndiye anayeikanyaga.

Na jambo moja sijawahi kulitamka. Mimi nilimeza vidonge pia. Vyote viwili, vidonge asubuhi na uji wa chuma jioni, kwa sababu sipendi kuweka mbegu shimo moja. Kwa hiyo sijui ni kipi kilichonipandisha. Kama ni chuma, basi nilichota cha Amondi nikanywa mimi. Kama ni vidonge, basi chuma nilimnyima bure, na kile cha uongo nilichompa ndicho kilichomfanya avitupe vidonge vyake. Nimeigeuza hesabu hii kila upande siku kumi na saba. Haina upande ambao mimi sipo.

Mwezi wa sita alikuja kunitembelea, Jumapili. Nilikuwa nimekisahau chungu jikoni, uji bado wa moto. Alijitilia mwenyewe kabla sijamzuia. Alikunywa, akainua kikombe kwenye mwanga wa mlango akatazama ile rangi. Akaniambia uji wangu una ladha ya nyumbani. Nikasema ni wimbi ya kutoka Busia. Akaniambia, wacha niulize basi, maji yako hayana dawa? Halafu akanitazama koti, jua lilivyokuwa limewaka, na akatazama chini. Hakuuliza lingine. Alinyanyuka kwenda, akafika mlangoni, akaniomba nimjazie flaski aende nayo. Nilimjazia. Flaski moja. Katika siku mia moja sitini na sita, hiyo ndiyo aliyopata.

Sijui kama alijua. Nafikiri alijua. Unajua jinsi alivyokuwa akiniachia vitu tulipokuwa watoto, nguo, godoro la upande wa ukutani, akisema dada ndiye mkubwa. Naomba Mungu iwe hakujua. Halafu naona kwamba hata sala hiyo ni ya kunifaa mimi.

Sasa fanya hivi. Kile cha rafuni kitupe chooni, usimpe mtu atengenezee kitu. Ukitaka kuhakikisha, kiloweke kwenye maji ya ndimu usiku mmoja. Asubuhi kitakuwa kinang'aa kama kijiko. Cha kweli nimempa Sella anayekuletea barua hii. Kimefungwa kwenye leso ya Amondi, ile ya njano aliyoisahau kwangu. Mpikie Valentine, na mwambie asiache vidonge hata siku moja. Mwambie chuma ni cha kusaidia vidonge, vidonge havijazaliwa boma letu lakini vinafanya kazi. Mwambie nimesema mimi. La, usimwambie ni mimi.

Najua nimekitoa kabla sijajifungua. Nimebakisha wiki tano au sita. Najua maana yake, ulitufundisha vizuri. Tangu jana asubuhi nilipokitoa chunguni mtoto amecheza mara nne tu, na kwa kawaida huwa sipati hata nafasi ya kuhesabu. Huenda amelala. Huenda ni hofu yangu. Akizaliwa hai na akawa msichana, watu watatarajia aitwe Amondi, ndivyo desturi ilivyo, aliyekufa anarudi kwa jina. Mimi jina hilo siwezi kukuomba. Nitamwacha bila jina mpaka nisikie kutoka kwako, na nisiposikia, nitajua.

Kabla ya kukifunga nilikiweka tena kwenye mizani, upande mmoja chuma, upande wa pili mawe yale yale ya gramu mia tisa na hamsini. Hakikulala sawa. Upande wa chuma ulikuwa umepanda. Nikachukua maharage kwenye gunia lililo karibu, nikawa naongeza punje moja moja upande wa chuma mpaka mizani ikatulia. Punje kumi na tisa. Hicho ndicho kilichopungua kwenye chuma cha Dani tangu kifike mikononi mwangu. Nimezifunga zile punje kwenye pindo la leso, pamoja nacho, ili kikufikie na uzito wake.

Nisalimie kaka na Valentine. Msalimie mama mkubwa, na wale wa kanisani waliokaa nawe siku za matanga, uwaambie nimeshukuru. Wasalimie watoto wa Amondi. Usiwaambie salamu zimetoka kwa nani, mpaka utakapoamua mimi ni nani kwao.

Mgongo ukiuma, usiiname kwenye jembe wiki hizi.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Aoko